Fundo la Shimoni

Tik.

Mtu akikata uzi wa kitani kwa meno ndivyo unavyolia, kama kucha iliyogusa mdomo wa mtungi. Nilikuwa katikati ya ngazi ya Shimoni, kikapu cha nyuzi kichwani, nikisubiri macho yazoee. Juu lilikuwa jua la adhuhuri, lile la bonde letu la Beishani ambalo hata kuku wanalikimbia. Chini lilikuwa giza. Kitani hakipendi jua. Kikikauka hukatika, basi sisi watu wa kitani wa Kaisari tunafuma chini ya ardhi, sakafu inamwagiwa maji asubuhi na jioni, na taa ni moja kwa vitanda vinne vya kufumia, tena iwekwe mbali.

Tik, tena. Ilitoka kwenye kitanda cha mfumi cha mama mkwe wangu, Bibi Zebida. Nikatabasamu peke yangu. Miaka sabini, nikawaza, na bado anauma uzi kama msichana.

Nilipofika kwake nilimkuta binti yangu Shufra amekaa chini ya kitanda, magoti kifuani, katika nafasi ile ndogo ambayo paka huipenda.

"Unafanya nini huko?"

"Namsindikiza Bibi."

"Bibi anakwenda wapi?"

"Haendi. Ndiyo maana namsindikiza."

Bibi akacheka. Nikamwekea chakula chake pajani, dengu na mkate wa shayiri, naye akauchovya mkate mpaka ukalegea kabisa ndipo akautia mdomoni. Nikapokea kitambaa kilichokwisha, nikapapasa pindo. Nyuzi mbili za buluu, pembeni, kama kawaida. Kila mfumi ana alama yake ili akiharibu ajulikane. Hii ilikuwa ya Bibi, na kabla yake ya mama yake.

Mimi sikuzaliwa na kitani. Baba yangu alikuwa mfinyanzi ng'ambo ya Yordani, kule Pela, mtu maskini ila mtu huru. Nilipompenda Yamlik, mtoto wa Bibi Zebida, nilionywa mara tatu mbele ya mashahidi kama sheria inavyotaka. "Amata binti mfinyanzi, ujue. Ukiingia nyumba ya mtu wa kitani, wewe ni wa kitani, na tumbo lako ni la kitani." Mara zote tatu nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na Yamlik alikuwa akiimba. Siku ya pili ya ndoa wakanipiga chapa ya moto mgongoni mwa mkono, wakaniandika kwenye uwanja wa kusokota nyuzi. Miaka mitano baadaye Yamlik akafa kwa homa. Arubaini yake haijatimia, kitanda chake kikakaliwa na binti wa binamu yake, mtoto wa miaka minane, kwani Shufra alikuwa bado mdogo mno na desturi ni hiyo: kitanda cha mfumi hakikai kitupu. Aliyekiacha, damu yake ndiyo inayokijaza, hata kama hajafika miaka ya kuandikwa, ajue kazi asijue. Asiyejua anafunzwa kwa fimbo.

Kwa hiyo nilikuwa na jambo moja tu duniani. Shufra asiandikwe.

Na njia nilikuwa nayo. Jioni, baada ya kazi, nilikuwa nikienda nyuma ya kanisa, ambako shemasi mmoja mwanamke alitufundisha kusoma na kuandika Kiyunani, sisi wanawake wa uwanjani, kila mmoja na kibao chake cha nta. Wengi waliacha. Mimi sikuacha. Rufina, jirani yangu wa kusokota, hakuchoka kunitania. "Msomi, hebu tusomee siku tutakayokufa, tujipange." Lakini shemasi yule ndiye aliyeniahidi. Nyumba ya watawa ya Pela itampokea mtoto wangu akitimiza miaka saba, akae kwao, asome. "Ila awe hajaandikwa, Amata. Akishapigwa chapa, hata askofu hawezi kumtoa."

Shufra alikuwa na miaka sita na miezi miwili. Na kuandikwa, tangu enzi za babu zao, ni miaka kumi. Nililala usingizi mzuri.

Siku ya soko nikaenda kwa Nahumi muuza mitumba kutafuta kipande cha kumshonea Shufra. Sarafu zetu za shaba siku hizi hazihesabiwi, zinapimwa kwenye mizani kama vitunguu, na nilikuwa na mfuko mzima uliotosha kitambaa cha mkono. Nahumi akaniambia, "Dada, kwa shaba hizo nitakupa pole. Lakini ngoja, nina kanzu za askari, rahisi, mpya, hazijaguswa na jasho."

Akafungua bunda. Kanzu nyeupe, zimekunjwa bado kwa mkunjo wa ghalani. Nikaigeuza ya juu nikapapasa pindo. Nyuzi mbili za buluu.

"Umezipata wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu ambaye hapendi maswali. Unanunua au unanibembeleza tu?"

Kwenye kona ya bunda palikuwa na kipande cha mbao chenye wino. Miaka miwili nyuma ningeona michoro ya kunguru. Siku ile nikasoma. Kikosi cha Mishale. Kanzu mia sita.

Nikakaa chini palepale, Nahumi akadhani ni jua.

Kikosi cha Mishale ndicho kilichomchukua kaka yangu Abdas. Waliondoka kwenda Thrakia kupigana na Wagothi, katika vita ile ambayo Kaisari mwenyewe alipotea na hata maiti yake haikuonekana. Mwaka uliofuata alirudi mtu mmoja wa Pela, mkono wake wa kulia umeachwa kule. Alikunywa maji kwetu, akamwambia mama, "Tulitoka tukiwa mia sita. Tuliojua njia ya kurudi ni kumi na mmoja." Abdas hakuwa katika hao kumi na mmoja. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vita, na sisi kila mwezi tulikuwa tunafuma, tunakunja, tunafunga mabunda. Wafumi wanakufa, wafumi wanakimbia usiku kuelekea jangwani, waliobaki wanaongezewa. Kumbe tulikuwa tunamvisha nani?

Nikaenda kwa nyapara wetu, Leontio. Nilikwenda kwa hasira, na nitasema kweli, kwa tamaa pia. Nilidhani nimeokota kisu cha kumtisha nacho.

"Nyapara, Kikosi cha Mishale wamekufa."

Alikuwa akila zeituni. Akatema kokwa. "Funga mlango."

Nikafunga.

"Nani kakufundisha kusoma, wewe mtoto wa udongo?"

"Nani kakufundisha kuuza kanzu za wafu?"

Akacheka bila furaha. "Amata, dada yangu. Unadhani umeniletea habari? Misa ya kuwaombea mimi nilikuwepo, nililia kuliko wewe. Na siuzi kanzu. Kanzu zinatoka hapa kwa hesabu kamili, naweka sahihi. Zikifika huko juu, kuna kamanda. Kikosi chake kimekufa lakini kimo daftarini, na mtu akiwa daftarini anakula, anavaa, analipwa. Kamanda anakula posho ya mia sita, kanzu anaziuza. Karani wake anakula. Aliyempa ukamanda anakula. Sasa wewe unataka mimi, Leontio wa Beishani, niandike barua kwamba wafu ni wafu?"

"Ndiyo."

"Swali la kwanza nitakaloulizwa: miaka mitatu ulikuwa unamfumia nani? Swali la pili watauliza kwa mjeledi." Akavuta mkono wa nguo yake. Mgongoni mwa mkono wake palikuwa na chapa, ileile yangu, imezeeka tu. "Unaniona niko nje ya shimo? Nimekalia ngazi."

Kisu changu kikawa kijiko.

"Na kwa kuwa umekuja," akasema, sauti imeshuka, "nikuambie mwenyewe kabla hujasikia uwanjani. Baada ya siku kumi anakuja karani kutoka Kaisaria. Tumepungukiwa mikono, hesabu imepanda. Safari hii wataangaliwa watoto wa miaka sita."

"Sita? Ni kumi!"

"Ilikuwa kumi, askari walipokuwa hai."

"Shufra ana sita."

"Najua. Sikiliza. Kila mtoto atapewa uzi uliokatika. Akiuunga kwa fundo la wafumi, fundo lisiloonekana wala kusikika kidoleni, anaandikwa, anapigwa chapa siku hiyohiyo. Asiyejua anaachwa mpaka mwakani. Hii ni desturi ya kazi, hata karani haivunji, maana mtoto asiyejua fundo anaharibu kitambaa kuliko panya. Vidole ndivyo vinavyosema. Wako anajua?"

"Hajui," nikasema kwa kifua chote. "Sijamfundisha. Hata mimi mwenyewe nalifunga kama mtu anayefunga mbuzi."

"Basi unaogopa nini? Mwakani si yuko saba?" Akaokota zeituni nyingine, hakunitazama. Kumbe alikuwa anajua kuhusu watawa. Kila mtu alikuwa anajua. Hakuna siri kwa watu wanaoishi katika shimo moja.

Nikaenda nyumbani mbio. Shufra alikuwa mlangoni anacheza na vipande vya vigae. Nikachukua uzi, nikaukata mbele yake.

"Hebu niunganishie, mwanangu."

Nilitaka tu kuona vile vidole vidogo vikihangaika, roho yangu itulie. Hakuutazama hata uzi. Alikuwa anatazama vigae vyake. Vidole vikaenda, vikazunguka, akainamisha kichwa, tik, akanirudishia. Nikaupitisha uzi kati ya kidole na kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikuweza kupata mahali ulipokatika.

Tik. Ndipo nilipokumbuka mkate uliochovywa mpaka ukalegea. Bibi Zebida hakuwa na jino hata moja la mbele tangu mwaka nilioolewa.

Nilimsubiri arudi. Alipanda kilima taratibu, mkono mmoja ukutani, kama siku zote. Nilidhani ni uzee.

"Mama, umemfundisha mtoto fundo."

Hakukana. Akatafuta kiti kwa mguu, akakaa. "Amejifunza upesi. Yamlik alichukua mwaka mzima. Huyu siku nne."

"Unasema kwa majivuno! Mama, unamtia shimoni kwa mkono wako! Karani anakuja, watoto wa miaka sita wanapimwa, anayejua fundo anaandikwa! Mwaka mmoja tu, Mama, nilikuomba nini mimi? Mwaka mmoja!"

Shufra akaanza kulia kwa sababu mimi nililia. Bibi akanyoosha mkono kumtafuta, na mkono ukaenda pembeni, ukashika hewa. Ukarudi, ukashika hewa tena. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesogea, akaweka kichwa chake chini ya kiganja, kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea kazi hiyo.

Nikapiga magoti mbele yake, nikayatazama macho yake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Jicho la kushoto tangu Yamlik afariki. La kulia tangu majira ya kuvuna." Alisema kama anayetaja bei ya chumvi. "Kufuma sihitaji macho, mwanangu. Mikono inajua njia. Lakini uzi wa mtande, ule wa urefu, ukikatika, ncha inapotelea kati ya nyuzi elfu, na hapo lazima uione. Mtoto anaiona. Anapita chini, anaiunga, narudi kazini. Leontio hajui. Hakuna anayejua. Kule chini sote ni vipofu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ukae hapo juu unasokota huku unatetemeka? Mimi nikijulikana sioni, kitanda changu ni kitupu. Na kitanda hakikai kitupu. Nyumba hii ina nani? Wewe umeshahesabiwa kwenye pia ya kusokotea. Amebaki nani?"

Hatukulitaja jina. Alikuwa amekaa katikati yetu, anajifuta makamasi kwa pindo la gauni.

Basi alimfundisha fundo ili asiingie shimoni, na kwa kulijua fundo ndiyo ataingia. Nikageuza jambo hili huku na huku, nikitafuta mlango. Nilianza kucheka, Mungu anisamehe, na Bibi naye akacheka, ufizi wote nje.

"Sisi ni kuku tuliojificha ndani ya chungu," akasema.

Lakini siku kumi ni siku kumi, na mimi si mtu wa kukaa. Tukagawana kazi. Bibi alisema uzi usipokatika siku ya karani, hakuna atakayejua kitu. Kwa hiyo nikamsokotea mtande mpya. Nilichagua kitani cha shamba la mtoni, kirefu, kilicholowekwa vizuri, nikakisokota kwa mate na kwa sala, nikakipaka ute wa mbegu zake mpaka kikateleza kama nywele za mtoto mchanga. Rufina akauonja kwa vidole.

"Msomi, huu uzi wa kuvulia papa au wa kuvisha askari?"

"Askari gani?" nikasema. Kaka wawili wa Rufina walikuwa Thrakia.

Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akanipa pia mbili za uzi wake mzuri kuliko wote.

Na jioni nilicheza na Shufra mchezo niliouita vidole vimelala. Nampa uzi uliokatika, anatakiwa ahangaike, audondoshe, aufunge fundo bovu kama langu. Mwanzo alishindwa kushindwa. Vidole vilikimbia peke yake, tik, halafu ananitazama kwa aibu. "Vimeamka, Mama." Tunaanza upya. Nilimfundisha mwanangu kuwa mjinga kwa uvumilivu uleule ambao shemasi alinifundishia mimi alfa na beta. Siku ya saba akafunga fundo baya sana, kubwa kama dengu, nikamkumbatia nikamzungusha chumba kizima. Alifurahi, lakini akaniuliza, "Bibi akihitaji, niviamshe?"

"Siku ile usiviamshe hata kidogo. Hata nani akihitaji."

"Hata Bibi?"

"Hata Bibi," akajibu Bibi mwenyewe kutoka kwenye mkeka wake. "Siku ile Bibi hahitaji kitu."

Karani wa Kaisaria alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, kanzu yake safi, kitambaa puani kwa ajili ya harufu yetu. Alishuka ngazi akigusa ukuta kwa kuchukia. Nyuma yake askari mmoja mwenye fimbo, na Leontio kabeba daftari. Wafumi walikuwa kwenye vitanda vyao. Amri siku ya kuhesabiwa ni moja: hakuna anayetoka mahali pake. Sisi akina mama tulisimama chini ya ngazi, watoto tisa wamepangwa kando ya ukuta upande wa pili, karibu na kitanda cha Bibi.

"Mnafanyaje kazi katika kaburi hili?" karani akauliza. "Leta taa."

Leontio akakohoa. "Bwana, taa nyingi hapa si..."

"Unataka nihesabu mali ya Kaisari kwa kupapasa? Leta taa!"

Zikaletwa sita, zikawekwa kwenye vinara karibu na vitanda. Kwa mara ya kwanza nikaona Shimoni lilivyo: kuta zinatoka jasho, sura za watu nyeupe kama mizizi. Binti wa binamu yake Yamlik aliziba macho kwa viganja. Nikasikia mnong'ono wa nyuzi, ule mlio mwembamba wa kitani kinapoanza kukauka. Kila mtu mle ndani aliusikia, isipokuwa karani.

Watoto wakapimwa. Wa kwanza akaunga, mama yake kando yangu akatoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wa pili hakujua. Wa tatu akaunga. Ikafika zamu ya Shufra.

Alichukua uzi. Nikamwona anautazama, nikaona kidole gumba kimeanza njia yake, kisha kikasimama. Akaudondosha. Akauokota. Akaufunga kama anayefunga gunia la makapi, akavuta, ukafunguka. Watu wakacheka.

"Huyu ni mtoto wa kitani au wa mbuzi?" karani akasema.

"Mama yake ni wa nje, bwana," akajibu Leontio upesi. "Watu wa vyungu."

"Inaonekana. Mwakani. Mwingine."

Mwakani. Tende za Beishani ni tamu, watu wanazipeleka mpaka Rumi, lakini sijaonja kitu kitamu kama neno lile. Nikaegemea ngazi. Nilishamwona Shufra anavuka mto, kanzu yake mpya, kibao chake kwapani.

Watoto walipokwisha, karani akageukia vitanda. Akasimama kwa Bibi.

"Kitambaa kizuri. Nyuzi sawasawa. Una miaka mingapi, mama?"

"Sabini, bwana, kama hawajanidanganya."

"Na bado unafuma hivi. Kama wote wangekuwa wewe tusingeshindwa na washenzi. Endelea, nikuone." Akasogeza taa, mkono mmoja tu kutoka kwenye mtande, ili aone vizuri.

Bibi akaendelea. Mikono yake ilienda na kurudi, mizuri, bila pupa. Nilikuwa nahesabu mapigo pamoja naye. Nilisokota ule uzi kwa mate na sala, usikatike kwa nguvu ya mtu. Kwa moto wa taa sikuusokotea.

Ulikatika kwa mlio mdogo, kama mtu aliyefumba mdomo ghafla.

Mikono ya Bibi ikasimama. Kisha ikaanza kutafuta. Ikapapasa mtande kulia, kushoto, ikapita juu ya ncha bila kuigusa, ikarudi, ikapita tena. Nilipiga hatua. Fimbo ya askari ikanizuia kifuani.

"Unatafuta nini, mama?" karani akauliza. "Si huo hapo?"

"Mikono imekufa ganzi, bwana. Subira kidogo."

"Huo hapo, mbele yako."

Leontio alikuwa anatazama daftari kana kwamba limeandikwa jina lake. Nikatazama ukutani, watoto walikuwa wanane.

Tik.

Mikono ya Bibi ikahisi mtande umekaza, ikaanza kufuma upesi upesi, kama mtu anayekimbia mvua. Karani akainama, akapitisha kidole chake laini juu ya uzi, akakitazama kidole, akaupitisha tena.

"Nani ameunga?"

"Mimi, bwana," akasema Bibi.

"Nimesikia meno." Akamshika kidevu, kwa upole kabisa, akamfungua mdomo. "Kwa meno yapi, mama?"

Akainua taa mpaka usoni pa Bibi, karibu na jicho, akaipeleka huku, akaipeleka kule. Jicho halikufuata. Akamwashiria Leontio afungue daftari kwenye ukurasa wa nyumba ya Zebida, na kalamu ikachovywa.

"Ni mimi niliyeunga!" nikapiga kelele kutoka kwenye ngazi, hatua ishirini mbali, fimbo kifuani. Hata wafumi walinigeukia kwa huruma. Karani hakujisumbua.

"Nitauliza mara ya mwisho," akasema. "Nani ameunga uzi huu?"

Nguo ya kitanda ikatikisika chini. Shufra akatoka kwa magoti, akasimama kati ya Bibi na ile taa, kipande cha kitani kimemganda mdomoni. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Kisha akamgeukia karani.

"Ni mimi niliyeunga."